Majaruba ya Habaryar

Mbuzi wa mtaa wa Waberi walimjua kabla yangu. Katika mji huu wa Garissa mbuzi hutembea watakavyo: huingia dukani, hutafuna maboksi, hulala katikati ya barabara mpaka gari liwaombe njia. Lakini wakifika kwenye lango la jirani yangu walivuka upande wa pili, tena kwa haraka. Nilikuwa nimehamia wiki hiyohiyo na cherehani yangu, chumba kimoja na ua mwembamba nyuma, nikajiuliza ni mbwa gani anayefugwa mle ndani. Hakukuwa na mbwa. Kulikuwa na mama mmoja mrefu, mkavu, mwenye umri ambao hakuna aliyethubutu kuuliza, na bustani ya mboga ambayo mpaka leo nikiwaeleza watu wa kwetu wanadhani natia chumvi.

Jina analo, tena zuri, lakini sitalitaja. Mtaa mzima ulimwita Habaryar, yaani mama mdogo, kama Wasomali wanavyomwita dada wa mama, na hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo. Mimi pia. Yeye aliniita fundi akiwa na kazi ya kunipa, na abaayo, yaani dada, akiwa ametulia. Katika miaka yote tuliyopakana ukuta nilikuwa fundi mara nyingi zaidi.

Kuna jambo moja nililisema moyoni kila nilipochungulia juu ya ukuta ule, na ni bora nilitoe mapema. Kiwanja kile hakikuwa chake. Kilikuwa cha marehemu mumewe, kisha kikaandikwa jina la mwanawe mkubwa anayefanya kazi ofisini Nairobi, na kila mtu alijua kwamba siku moja kijana atakuja kujenga nyumba za kupangisha, maana Waberi yote imekwenda njia hiyo. Habaryar alijua kuliko sisi sote. Na bado aliulisha udongo ule kama mtu atakayekaa nao mpaka wajukuu wa wajukuu. Nilimwogopea. Nilikuwa nikimtazama ameinama na kujiambia, mama huyu anapamba nyumba ya watu.

Mimi ni mtu wa mtoni, Mpokomo, kwetu ni huko chini upande wa Hola. Jembe kwetu mtoto hulikuta mlangoni. Wasomali wa ngamia, ambao nimewashonea nguo na kula nao sikukuu, jembe huliona kazi ya mtu aliyefilisika, nasi huwatania kwamba wao wakiona shamba huuliza lango la kuingizia mifugo liko wapi. Na yeye watu wake ndio hao hasa, wa Hadado huko Wajir, ambako mtu akisema mali anasema ngamia. Basi nilipoona majaruba yake mara ya kwanza nilicheka waziwazi. Badala ya kuinua matuta, alikuwa ameyachimba chini, marefu, yamepangana sambamba.

“Habaryar, mboga hukaa juu ya tuta,” nilimwambia. “Haya yako ni makaburi.”

Hakuinua hata kichwa. “Kwenu mto iko karibu,” alisema. “Haba jua ndio iko karibu.”

P yake ilikuwa B na Z yake ilikuwa S, na ngeli zote za Kiswahili alizitia katika zizi moja. Lakini sijapata kusikia mtu mwenye maneno machache hivyo yakatosha. Jua la Garissa halina adabu. Tuta lililoinuliwa hukauka pande tatu kwa siku moja. Jaruba la Habaryar lilikuwa chini kama bakuli, maji yakiingia hayana pa kwenda, na juu yake alitandaza nyasi kavu, majani ya mwarobaini na magunia yaliyochanika, akisema hakuna mtu anayevuka kiangazi bila shuka. Saa saba mchana, wakati hata kunguru wametafuta kivuli, ungeingiza kidole chini ya nyasi zile ukakuta unyevu. Niliingiza, mara nyingi, kwa siri.

Bustani yenyewe ilianza na ugonjwa. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa nyama na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na sukari hiyo ikamgeukia. Hospitalini walimwambia ale mboga za majani. Nyingi ya mboga zetu huja na lori kutoka bara, na zikifika zimechoka kuliko dereva. Mzee alitafuna sukumawiki ya lori, akaitema, akasema ina harufu ya dawa ya kupe. Na dawa ya kupe aliijua, kwa kuwa alikuwa ameogesha mbuzi maisha yake yote. Habaryar hakubishana naye. Aliazima jembe, akaanza kuchimba mahali palipokuwa zizi. Mzee aliishi miaka mingine mizuri akila mboga za mkewe na kulalamika kila mlo. Alipofariki watu walidhani jembe litarudi lilikotoka. Eda ilipokwisha, mama alitoka nje akachimba majaruba mengine mawili, kwa sababu, alisema, wagonjwa wa sukari hawakuzikwa pamoja na mume wangu.

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba yoyote ya mtaa ule yenye mgonjwa wa sukari au wa presha ilipata fungu lake. Yaliyobaki aliyauza langoni, lakini ole wako umwite mama mboga. Alisema yeye ni mchungaji.

Na alichunga kweli. Kila mwaka kabla ya mvua alikuwa na siku zake za kutofanya kitu. Aliketi juu ya jerikeni tupu, fimbo mkononi, akihama na kivuli kutoka ukuta hadi ukuta, akichomeka vijiti hapa na pale. Mara ya kwanza nilidhani anaumwa, nikampelekea uji.

“Mimi nafanya sahan,” aliniambia huku akipokea uji.

Sahan, alinieleza, ni wale wanaotangulia kutazama malisho na maji kabla familia haijafungasha. “Mtu anahama bila sahan, anafika kwa jangwa. Mtu analima bila sahan, ni hiyo hiyo.” Alikuwa akitazama kivuli cha ukuta kinaishia wapi adhuhuri, upepo unaingilia wapi, maji yakimwagika yanaelekea wapi. Mwarobaini mkubwa ulikuwa upande wa magharibi, basi spinachi na dania alizipanga chini yake zipate nafuu ya alasiri. Nyanya na bilinganya, zenye ngozi ngumu, aliziacha zipambane na jua. Vitunguu alivitia kati ya sukumawiki kama askari, maana wadudu hawapendi harufu yake. Mipapai ilisimama pembeni isimnyang'anye mtu mwanga. Hakuandika chochote. Ukimuuliza mwaka juzi jaruba la tatu lilikuwa na nini, alikujibu upesi kuliko mtu anayetaja watoto wake.

Majaruba aliyapa majina, kama wafugaji wanavyowapa ngamia. Lilikuwapo Jivu, kwa rangi yake. Lilikuwapo Mwenye Maziwa, ambalo lilitoa sukumawiki pana za kufunikia sinia. Na lilikuwapo Mvivu, kwenye kona ya mawe, ambalo kila mara lilichelewa kuotesha. Kila moja lilikuwa na zamu. Sukumawiki ilikula sana, kwa hiyo nyuma yake zilikuja kunde kurudisha nguvu. Baada ya kunde vitunguu. Na baada ya vitunguu, hapakupandwa kitu. Jaruba lilijazwa mboji, likafunikwa, likaachwa. Nilimwambia siku moja kwamba ni hasara jaruba zima kulala bure, hali watu wanagonga lango wanataka mboga.

“Hii iko na mimba,” alisema. “Wewe nakamua ngamia iko na mimba?”

Sikuwahi kukamua ngamia wa aina yoyote.

Mboji yake ilikuwa tumbo lisilochagua. Samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mpaka ikaacha kunuka, maganda, majivu ya jiko, majani, mifupa ya buchari iliyochomwa na kutwangwa. Na vipande vyangu vya vitambaa. Alipogundua kwamba mimi huvitupa alikuja na gunia na kunisomea hukumu. Kuanzia siku hiyo nilitenga: pamba upande huu, nailoni upande ule. Hakuniamini. Alichukua kila kipande akakiwasha ncha kwa kiberiti. Kikiwa jivu kilipita, kikiyeyuka kama mshumaa nilirudishiwa pamoja na jicho. Kwa hiyo sukumawiki za Waberi zimekula sare za shule nyingi nilizozikata, na nikiwaza hivyo hujisikia vizuri isivyo kiasi.

Maji ndiyo yaliyomfanya mkali. Bomba la mtaa lina siku zake, na siku nyingine ni mkokoteni wa punda wenye mapipa. Habaryar alikupa papai bila kuhesabu, lakini ukimwaga kikombe cha maji chini mbele yake, ungetamani ardhi ikufiche. Mgeni yeyote aliyekuwa kwake wakati wa sala alitawadha bustanini. Kichwani mwa kila jaruba palikuwa na jiwe bapa la kusimamia, na yeye ndiye aliyepanga. “Wewe leo tawadha kwa bilinganya. Wewe nenda kwa Mvivu, jana hakubata.” Nimewaona wanaume wazito, wenye vyeo mjini, wamekunja suruali wakitii. Alikuwa amemuuliza sheikh kama kuna ubaya, na sheikh alimjibu kwamba ubaya uko katika kumwaga ovyo. Jibu hilo alilibeba kama kibali cha serikali.

Kuhusu mbuzi sasa. Mbuzi aliyeruka uzio wake wa miiba ya mathenge hakupigwa. Alifungwa kamba kivulini, akapewa maji, akatunzwa kama mgeni wa heshima, na mwenyewe alipokuja kumtafuta aliambiwa faini yake: gunia la samadi, kavu, lisilo na plastiki. Wasomali wana sheria zao za fidia tangu zamani, mnyama akimdhuru jirani kuna kiasi chake, na Habaryar aliitumia sheria hiyo bila kupepesa macho. Wenye mbuzi waligombana, wakaapa, wakaita wazee, na wazee wakasema mama ana haki. Mwishowe wenye mbuzi wenyewe ndio waliowafundisha mbuzi wao kuogopa lile lango. Inasemekana mmoja alileta faini ya mwaka mzima mapema apate amani.

Dawa za dukani hakuziruhusu kuvuka kizingiti. Alikuja kijana mmoja wa duka la pembejeo, mpole, amebeba chupa, akamweleza jinsi itakavyomaliza wadudu wote kwa mara moja. Nilikuwa pale nimeleta nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamtilia chai.

“Warya,” alimwita, yaani kijana, “hii dawa ikimwagika kwa mbusi?”

“Mbuzi anaweza kufa, mama. Lazima kuwa mwangalifu.”

Alifukua mkono mmoja wa udongo kutoka Mwenye Maziwa, akauweka juu ya sinia karibu na vikombe. Minyoo ilijikunja, mbawakawa wadogo wakakimbia huku na huku. “Hii ndio mbusi yangu,” alisema. “Habana, chukua chupa. Kunywa chai kwanza.” Kijana alicheka, akanywa chai, na nadhani alikwenda na fungu la spinachi. Dawa ya Habaryar ilikuwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa mpaka yakanuka uchungu wenyewe, akiyanyunyiza kwa ufagio jioni jua likipoa. Vidukari aliwapaka majivu. Viwavi aliwaokota kwa mkono akiwazungumzia kwa Kisomali, na kwa sauti ile sidhani ilikuwa dua.

Msidhani hakukosea. Alikosea mara moja vibaya, na kosa lenyewe lingeweza kumpata mtu wa ngamia tu. Jamaa zake walileta ngamia kutoka Wajir kuuza katika soko la mifugo, wakakaa siku kadhaa nje ya mji. Habaryar alisikia, akakodi mkokoteni, akarudi na magunia ya samadi ya ngamia huku uso wake uking'aa kama bibi harusi. Nilimwambia tusubiri, ikae kwanza kama ile ya mbuzi. Aliniangalia kama niliyemtukana mama yake. “Ngamia ni ngamia,” alisema, na hapo mjadala ukafungwa. Aliitandaza yote juu ya Mwenye Maziwa, jaruba lake bora.

Baada ya siku chache spinachi zilizokuwamo ziliungua kingo. Kisha zikalala. Kisha hapakuwa na spinachi. Nilimkuta amepiga magoti, akachota udongo kidogo akautia ulimini, akautema. Wale ngamia walikuwa wametoka moja kwa moja kwenye visima vya chumvi, ambako hupelekwa makusudi wapate afya, na chumvi hiyo yote ilikuwa imekuja kulala kwenye bustani. Nilingoja alaumu jamaa zake, au wenye visima. Hakumlaumu mtu, wala ngamia. “Mimi nakaribisha mgeni, sikumuuliza natoka wapi,” alisema. Kwa wiki nzima hakutaka utani. Jaruba lile alilikomboa kwa mvua mbili, akiacha maji yaoshe, akilisha mboji kidogo kidogo, bole bole, kama anavyolishwa mtu aliyetoka kufa. Na tangu hapo kila gunia la samadi lililofika langoni lilihojiwa: wanyama hawa walikunywa maji wapi?

Kitu nilichoshindwa kukielewa miaka yote ni kwamba yeye mwenyewe hakula mboga. Hata kidogo. Kitunguu ndani ya wali, sawa, ndimu, sawa, ndizi pembeni ya pilau kama desturi yao, sawa, maana ndizi alisema ni tunda la heshima. Lakini sukumawiki zile ambazo watu walizifuata kutoka mitaa mingine, hapana. “Majani ni ya mbusi,” alisema, na kutia mkono kwenye nyama. Nilimpikia, nikamkatia, nikamchekea, nikambembeleza na kunde za nazi za kwetu mtoni ambazo hazikataliwi na mtu mwenye akili. Alionja moja kwa ajili yangu, akasema maasha Allah, na kumpa paka zilizobaki.

Basi ikafika siku tuliyokuwa tukiijua. Mwanawe alikuja kutoka Nairobi na fundi wa ujenzi, wakapima kiwanja kwa kamba. Ni kijana mstaarabu, ana watoto watatu shuleni, na aliniita pembeni akiwa hana raha.

“Fundi, hebu nisaidie kuongea na mathe,” alisema. “Mimi si mtu mbaya, walahi. Nitamjengea chumba kizuri hapohapo mbele, na feni na kila kitu. Lakini hii plot ikikaa hivi, watoto wangu watakula nini?”

Alikuwa na haki. Nilikwenda kwa Habaryar moyo umenishuka, nikidhani nitamkuta analia. Nilimkuta anakagua magunia.

“Hooyo yangu ameniuliza kwa adabu,” alisema. Ndivyo wanavyoitana, mama na mwana wote hooyo. “Nimemwambia, kiwanja ni yako. Kiwanja ni mchanga na mawe, chukua. Lakini udongo nimetengenesa mimi.”

Nilikaa chini juu ya jiwe la kutawadhia. Sijui nieleze vipi nilichosikia wakati ule. Miaka yote nilimhurumia kwa kupamba nyumba ya watu, kumbe alikuwa akijua wazi mpaka wa chake na cha mwanawe, na mpaka huo ulikwenda chini kina cha mkono.

Siku zilizofuata Waberi iliona jambo ambalo halijaonekana. Mikokoteni ya punda ilipanga foleni langoni, wenye mbuzi waliotozwa faini wakaja na koleo, na jaruba baada ya jaruba likachotwa, likatiwa magunia, likapelekwa nyumba za wagonjwa wake. Jivu lilikwenda kwa mzee wa msikitini anayejidunga sindano kila asubuhi. Mwenye Maziwa alikwenda kwa mama mmoja mwenye watoto wengi. Kila mmoja aliambiwa masharti yaleyale kwa sauti ileile ya kuamuru.

“Hii si sawadi. Mimi nakukobesha.”

Kwao, mtu akipoteza wanyama kwa ukame, jamaa humkopesha ngamia mwenye maziwa. Anamlisha, anamchunga, anakunywa maziwa na watoto wake, lakini ngamia si wake. Mwenyewe akimtaka siku yoyote, anarudishwa, tena na ndama wake. Udongo ule ulikwenda kwa sheria hiyo. Ulishe, ufunike, usiunyweshe dawa, kula mboga. Siku nikiutaka nitakuja.

Mimi nilipewa Mvivu. Nakubali niliona uchungu kidogo. Lakini nilichimba ule ua wangu mwembamba, nikatoa mawe kwa mikono miwili, nikamlaza Mvivu humo, nikamfunika kwa magunia. Ng'ambo ya ukuta zege lilimwagwa na vyumba vikapanda. Habaryar akahamia chumba cha mbele chenye feni, na kila Ijumaa baada ya sala akawa anazunguka mtaani na fimbo yake, nyumba hadi nyumba, kuangalia mifugo. Aliingia bila hodi. Aligusa, akanusa, akaamuru, akatoka. Nilitandaza mabaki yangu ya pamba, nikasafisha nyama ya mlo juu ya jaruba, nikatawadhia hapohapo. Mvivu alichelewa, kama kawaida yake. Msimu wa pili alinipa sukumawiki ambazo niliwaita majirani kuja kuziona.

Halafu miguu ya Habaryar ikagoma, na kwa miezi mingi Ijumaa zikapita bila fimbo yake mlangoni. Mimi ndiye niliyekwenda kwake, nikampelekea maziwa. Mji ukasema mengi. Binti yake aliye upande wa pili wa mji amepata kiwanja, ukasema, na mama anataka kukusanya udongo wake upya.

Mara ya mwisho nitakayoisimulia hapa ilikuwa baada ya mvua za mwaka huu, asubuhi. Nilisikia punda nje. Nilipofungua, mkokoteni ulikuwa umesimama mlangoni, magunia matupu yamekunjwa juu yake, na Habaryar yuko nyuma yake ameegemea fimbo, amepungua sana, buibui limemzidi. Nilikuwa nimezoea kula kutoka jaruba lile, lakini siyo chakula nilichokifikiria. Nilifikiria asubuhi zangu zote nikiwa nimeinama pale. Hata hivyo ahadi ni ahadi.

“Karibu, Habaryar. Ni wako, chukua,” nilisema kabla hajafungua mdomo, nisije nikakosa nguvu.

Aliingia polepole, akapiga magoti kwa shida, akafunua nyasi, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Mkono ulipotoka ulikuwa mweusi, na mnyoo mmoja mnene umejizungusha kidoleni. Aliurudisha ndani kwa upole.

“Mvivu amesaa,” alisema.

Akanieleza. Kichochoro cha nyuma kuna mama mgeni kutoka kambi ya Ifo, mumewe amepatikana na sukari mwezi huu, na wanakula sukumawiki za lori. Kwa ajili yao Habaryar alitaka ndama wa Mvivu, ule udongo ulioongezeka.

“Chukua unachotaka,” nilimwambia. “Mama na ndama, wote wako.”

“Habana.” Kisha akasema neno ambalo katika miaka yote ile sikuwahi kulisikia kinywani mwake, mama yule wa kuamuru. “Abaayo, nakuomba. Mwenye kulisha ndio anakata.”

Nilichukua koleo. Yule mwendesha punda akanishikia gunia. Na Habaryar, ambaye hajawahi kuruhusu kikombe cha maji kimwagike bila yeye kuona, ambaye aliwasha kila kipande cha kitambaa changu kwa kiberiti, aliinuka, akanipa mgongo, akasimama akitazama ukuta. Hakutaka kuona ninachota kiasi gani. Alitazama ukuta ule kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake, mikono miwili juu ya fimbo, na hakugeuka hata mara moja.

Machozi yalinitoka, nami nikachimba. Nilianzia upande mzuri, ule wenye kivuli, nikajaza gunia la kwanza, la pili, nikajaza yote aliyokuja nayo, nikaenda ndani nikaleta na gunia langu la vitambaa nikalimwaga nikalijaza pia.

Aligeuka mkokoteni ulipokwisha pakiwa. Akayatazama magunia, akanitazama uso.

“Umetoa mingi.”

“Ndiyo, Habaryar.”

“Haye,” alisema, yaani sawa, akampa punda ishara kwa fimbo. Mlangoni alisimama kidogo, bila kugeuka. “Kesho wewe nenda kwa huyo mama, umwonyeshe. Mimi nimechoka.”

Kesho yake niliifunika cherehani mapema, nikabeba jembe, nikaenda.